Taa za ofisi zilizotupwa na nkejje wa Masese

Mimi ni fundi umeme, nakaa Walukuba hapa Jinja, Uganda, na hii habari ya kufuga samaki ndani ya nyumba ilianza na taa, samaki walifuata baadaye. Kuna ofisi moja mjini walikua wanatoa frem za zamani za taa za dari, zile za mraba sentimita 60 kwa 60 zenye tyubu nne fupi, wanaweka paneli za LED, na kazi ya kufunga hizo paneli tukapewa mimi na kijana ninayefanya naye kazi. Siku tatu tumeteremsha frem 34. Mzee wa skrepa akaja na kigari akaanza kuzipima kwa kilo kama bati la kawaida, mimi nimesimama pale roho inaniuma kwa sababu nilikua nimeshafungua kadhaa nimeona ndani, choki nzito, yale makoili ya kuwashia na kutulizia tyubu, hazina kutu hata kidogo, rifelekta za alumini za kurudisha mwanga zinang'aa kama kioo cha kinyozi. Nikamwambia mzee, hizi nne niachie. Akasema "chukua mwanangu, lete elfu ishirini", tukamalizana kwa kumi na tano nikazipakia boda mbili safari mbili.

Nyumbani nilikua na tangi la kioo jirani aliniachia alipohama, urefu sentimita 120, upana 40, kimo 45, ukipiga hesabu ni lita 216 likijaa mpaka ukingoni, maana yake maji peke yake ni kilo mia mbili na zaidi, kwa hiyo usilitue juu ya meza ya mbao ya sebuleni, mimi nilichomelea stendi ya chuma kwanza. Lilikaa tupu karibu mwaka. Sasa nilivyoona zile frem nikasema hapa nimepata taa ya tangi.

Kwa nini frem za aina hii ni nzuri kwa kazi hiyo? Urefu wake. Tyubu ya futi nne, ile ya wati 36 tuliyozoea madukani, ukihesabu na pini zake ni ndefu kuliko tangi la sentimita 120, bado hujaweka holda za kushika ncha zake, haiingii ndani ya kifuniko hata ufanyeje. Lakini zile za wati 18 ni kama sentimita 60, unaziweka mbili, moja mbele upande wa kushoto nyingine nyuma upande wa kulia, zinapishana kidogo katikati, na mwanga unafika pembe zote. Mwanzo nilitaka zikae msitari mmoja, nikapima mara tatu haitoshei kwa sababu ya holda nne, ndio nikaamua zipishane na kumbe ndio bora kwa sababu katikati ya tangi ndipo majani yanahitaji mwanga zaidi.

Sasa ndani ya hizo frem kuna kitu watu wengi hawakijui na mimi mwenyewe kilinisumbua wiki nzima. Tyubu ni nne, stata za kuanzishia ni nne, lakini choki ni mbili tu. Kila choki ni ya wati 36 na inaendesha tyubu mbili za 18 zilizoungwa mfululizo, yaani umeme unatoka kwenye choki unapita tyubu ya kwanza, unaingia ya pili, ndio unarudi. Stata mbili nilikuta zimekufa, nikaenda dukani nikaomba stata, yule kijana akanipa akasema stata ni stata. Nikaweka. Taa zikawa zinapepesa, zinataka kuwaka hazitaki, moja inawaka nusu nyingine inazima, nikabadilisha tyubu, nikabadilisha choki, nikakaza waya zote, wapi. Usiku wa tatu ndio nikachukua stata ya zamani na ile mpya nikaziweka chini ya tochi nikasoma maandishi, ya zamani imeandikwa 4–22W, mpya imeandikwa 4–65W. Hiyo ya 65 ni ya tyubu inayokaa peke yake inayopata volti zote 240, ukiweka mbili mfululizo kila moja inapata kama nusu na haina nguvu ya kuanza kazi vizuri. Nikatafuta za 4–22, nikapata kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya umeme vya zamani, zikawaka kwa mara ya kwanza bila hata kupepesa.

Stata kwa ndani ni kibulbu kidogo cha gesi chenye kipande cha chuma kinachojikunja kikipata joto. Kinajikunja kinagusana, nyaya za ndani za tyubu zinapata moto, halafu kinapoa kinaachia, na pale kinapoachia ndipo choki inatema volti kubwa kwa ghafla na tyubu inashika. Baada ya hapo kazi ya choki ni kuzuia mkondo usipande. Kwa hiyo ukiona ncha za tyubu zinawaka nyekundu halafu katikati giza, stata imeganda, zima haraka, usiseme itashika baadaye. Mimi yangu moja iligandia nikiwa kazini, nikarudi jioni nakuta nyumba inanuka lami, ile lami ya ndani ya choki ilikua imeanza kulainika na bati la kifuniko limebadilika rangi. Watoto walikua wamelala chumba cha pili. Hiyo harufu naikumbuka mpaka leo.

Lakini kosa kubwa lilikua kabla ya hapo, na hili naliandika kwa urefu kwa sababu mimi ni fundi na nilikua najua. Kifuniko cha kwanza nilikitengeneza kwa kukata bati la frem yenyewe, nikaligeuza, choki humo humo, holda zile zile za zamani, nikaliweka juu ya tangi hakuna kioo katikati. Waya wa ardhi ule wa kijani na njano ulikua umekatwa wakati tunateremsha frem dari, sikuurudisha, na ekstensheni niliyotumia ilikua ya miguu miwili. Nikawasha, pakapendeza, mke wangu akaita majirani waje waone. Wiki mbili baadaye naingiza mkono ndani ya maji kurekebisha jiwe, mkono wa kushoto nimeshika bati, peku kwenye sakafu ya sementi, nikapigwa. Haikunirusha, ilikua kama mtu amenishika msuli wa mkono akaukaza hauachii, nikajivuta nikakaa chini. Nilipopata nguvu nikaleta mita nikapima kutoka kwenye bati mpaka kwenye ardhi, inasoma volti 97.

Nilivyofungua nikaelewa. Maji ya tangi usiku na mchana yanatoa mvuke, mvuke unapanda unakutana na bati unakua matone, matone yanaingia kwenye holda za plastiki ambazo kwa umri zimeshapasuka nyufa ndogo ndogo usizoziona kwa macho, na umeme unatembea juu ya huo unyevu mpaka kwenye bati, na bati halina pa kuupeleka kwa sababu waya wa ardhi niliukata mwenyewe. Dari ya ofisi ni pakavu miaka yote. Frem haikutengenezwa kwa ajili ya mvuke, mimi ndio niliipeleka kwenye mvuke.

Nikavunja kila kitu nikaanza upya, na tangu hapo ndio hivi nafanya, hata kwa watu wawili walioniomba niwatengenezee. Choki zote na stata zote hazikai tena karibu na maji. Nimezifunga ndani ya boksi la chuma lenye matundu ya kupumua, limepigiliwa ukutani mita moja pembeni ya tangi na juu kuliko maji, na boksi lina waya wa ardhi umekazwa kwa boliti sio kuviringishwa. Kutoka kwenye boksi zinashuka nyaya tu kwenda kwenye tyubu, na zinashuka zikifanya tumbo, yaani zinapita chini kidogo ya kifuniko halafu zinapanda kuingia, maji yakifuata waya yadondoke pale tumboni yasiingie kwenye boksi wala soketi. Holda za zamani nimetupa zote, nimeweka za akwariamu zenye mpira unaobana shingo ya tyubu, hizo niliagiza Kampala na ndio kitu cha bei katika kazi yote, lakini hapo sikubani pesa. Kifuniko ni mbao iliyopakwa rangi nyeupe ya mafuta ndani na nje, rifelekta za alumini za ofisi nimezikata nikazibandika kwa juu, nazo nimeziunga na ardhi. Kati ya maji na taa nimelaza kioo cha milimita 4 vipande viwili, mvuke unaishia hapo, na maji hayapungui kama zamani.

Halafu RCD ya miliampia 30. Kama hauna pesa ya kununua vyote anza na hiyo, inakata umeme ikiona unavuja hata kidogo sana kabla haujakuumiza, nikibonyeza kile kitufe cha majaribio kila mwezi inaruka tak. Plagi ya miguu mitatu, fyuzi ya ampia 3 sio 13. Na swichi ihakikishe inakata waya wa moto, kwa nyumba zetu hizi za zamani Walukuba nimeshakuta nyingi waya zimegeuzwa, taa imezima lakini holda bado ina moto.

Kapasita za frem, zile za kusawazisha mzigo wa umeme wa choki, niliziondoa, mita ya nyumbani inahesabu yuniti tu haihitaji hiyo kitu. Kabla ya kuigusa iache muda na uimalize chaji kwa rezista, inaweka umeme. Na ukikuta frem za zamani sana kapasita ya bati imevuja mafuta, hiyo wacha kabisa usiishike kwa mikono mitupu, yale mafuta ya miaka ya sabini kurudi nyuma mengine yana sumu mbaya.

Tyubu zenyewe za skrepa usizitumie. Mimi nilizitumia mwanzo kwa sababu ziliwaka, nikaona ni hasara kuzitupa. Moja ilinitoka mkononi ikapasuka jikoni. Ndani mna zebaki, kidogo tu lakini ni zebaki, kwa hiyo nikatoa watoto nje nikafungua milango na madirisha nikangoja robo saa, vipande nikaviokota kwa karatasi ngumu, unga mweupe nikaubandua na seloteipu na kitambaa kibichi, ufagio sikugusa maana unautawanya hewani, vyote nikavitia kwenye mkebe wa maziwa wenye mfuniko. Zilizobaki nikazifunga kwa maboksi yake nikazirudisha ofisi ileile wakachukua pamoja na zao.

Ila sababu kubwa ya kuziacha ilikua rangi, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo nilipojifunza kitu sikutegemea.

Samaki nilionao ni nkejje, hawa wadogo wa ziwani, ndugu zetu wa upande wa Mwanza wanawaita furu. Sikununua duka la samaki wa mapambo. Pale Masese, kando ya ziwa hapa Jinja, wavuvi wa ndoano wanaowinda sangara wanatumia nkejje wazima kama chambo, kwa hiyo asubuhi unakuta kijana ana ndoo imejaa, nikamwambia kaka niuzie kumi wenye nguvu kabla hujawatia ndoano. Mama yangu alivyoona alishangaa sana, kwake nkejje ni wale wakavu wanaosagwa wanatiwa kwenye chakula cha mtoto aliyedhoofika au aliyetoka surua, akasema "mwanangu, hawa wametulea, sasa wewe unawalea wao". Niliyapenda hayo maneno.

Sasa chini ya tyubu za skrepa nkejje wote kumi walikua rangi ya udongo. Nikasema ndio walivyo, ndio maana hakuna anayewafuga. Zile tyubu zilikua zimeandikwa 830. Hizo namba ukizijua hutadanganywa dukani, namba ya kwanza 8 inaeleza jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa ukweli, na mbili za mwisho ni rangi ya mwanga wenyewe, 30 ni Kelvin 3000 mwanga wa manjano kama balbu, 40 ni 4000 wa ofisi, 65 ni 6500 kama mwanga wa mchana. Nikanunua nne mpya za 865. Nilipoziwasha nikaita nyumba nzima. Madume watatu kati ya wale kumi walikua na mgongo mwekundu na mabega ya buluu, dume mwingine mwili wote ni buluu ya chuma na mistari myeusi, na kwenye pezi la chini madoa ya manjano kama mayai. Samaki walewale wa jana. Siku chache baadaye wakaanza kugombania mawe, kila dume na eneo lake, na kadiri anavyoshinda ndivyo rangi inavyokolea.

Nikatafuta kusoma kwa nini. Kuna mtafiti anaitwa Ole Seehausen, yeye na wenzake walichapisha utafiti mwaka 1997 kuhusu samaki hawahawa wa Ziwa Victoria, wakaonyesha kwamba majike wanachagua madume kwa rangi, na ukiwawekea mwanga ambao rangi hazitofautiani wanashindwa kutambua dume wa aina yao. Na ziwani maji yalivyochafuka kwa mbolea na uchafu unaoingia, mwanga unaofika chini unabaki wa rangi chache, samaki wanapoteza rangi na aina zinachanganyikana zinapungua. Sisi siku zote tunasema sangara ndio alimaliza nkejje, na kweli aliwala sana, aliletwa miaka ya hamsini na kufikia themanini alikua amejaa ziwa, lakini maji yenye ukungu nayo yamefanya yake. Nilikaa mbele ya tangi usiku ule nikifikiri kwamba nilikua nimewawekea ziwa chafu ndani ya nyumba yangu kwa tyubu ya bure.

Muda wa kuwasha nao nilikosea. Mwanzo taa zote nne saa kumi na nne kwa siku, maji yakawa kijani kama supu ya mboga, vioo vina mwani, mke wangu akaniambia "Baba watoto, Yaka inakwisha kabla ya wiki", yaani umeme wetu wa kulipia kabla. Nikakaa kupiga hesabu, kila jozi ya tyubu pamoja na kile kinacholiwa na choki ni kama wati 45. Sasa jozi ya kwanza inawaka saa nane kwa siku, kuanzia saa nne asubuhi, na ya pili inaingia katikati kwa saa nne tu, kila moja na taima yake. Hiyo ni kama yuniti 16 kwa mwezi. Mwani umepungua, majani yamekubali, yale marefu kama utepe na yale ya manyoya niliyookota kwenye maji ya pembeni ya ziwa, na samaki hawashtuki tena kwa sababu mwanga unapanda kwa hatua. Tangi pia nililiondoa karibu na dirisha, jua la kwetu hapa usicheze nalo.

Tarehe ya kuweka tyubu naandika kwa kalamu kwenye ncha yake. Mwaka mmoja nabadilisha hata kama bado inawaka, jicho linazoea halioni kwamba mwanga umeshuka lakini majani yanaona. Na ukitaka kuingia kwenye kazi hii ujue kwamba tyubu zenyewe zinaenda kuisha, nchi zilikubaliana Geneva mwaka 2023 chini ya mkataba wa zebaki kwamba kufikia 2027 kuzitengeneza, kuziingiza na kuzitoa nchi kusimame. Mimi nimeweka akiba ya nane. Zikiisha nitatia za LED za urefu uleule kwenye holda zilezile, hapo choki na stata vinatoka kabisa na waya zinaungwa upya kama mchoro wa tyubu yenyewe unavyosema, kwa sababu nyingine zinakula umeme upande mmoja na nyingine pande mbili, usibahatishe. Kifuniko, rifelekta, kioo, waya wa ardhi, RCD vyote vinabaki.

Mwezi uliopita jike mmoja aliacha kula. Nikadhani anaumwa, nikamtenga kwa macho tu, kidevu kimevimba kama amebugia njugu. Siku ya tano nikagundua, hawa majike wanabeba mayai mdomoni. Nikazima ile jozi ya pili asisumbuliwe, nikamwekea chungu kilichovunjika ajifiche. Siku ya kumi na tisa jioni taima imekata taa, imebaki ile ya koridoni, mwanangu mdogo akanivuta mkono kimya kimya. Yule jike alikua ametema watoto mbele ya chungu, wadogo kuliko punje ya mchele, nilihesabu 23 halafu mama yao akafungua mdomo wakarudi wote ndani.